Polikarpi Atangaza Nyota

Kila jioni, Polikarpi akishatoka shambani, alikaa mbele ya nyumba yake pale Chonyonyo akisubiri wageni. Hawakukosekana. Alikuwa ametangaza kanisani kwamba binti yake Benitha, anayesomea mambo ya anga chuo kikuu, amegundua nyota.

"Ni ipi?" aliuliza jirani yake, Leonadi.

Polikarpi alinyoosha kidole kwenye ile inayong'aa kuliko zote.

"Hiyo? Babu yangu alikuwa akiiona hiyo."

"Aliiona. Hakuigundua."

Ijumaa Benitha alikuja likizo. Alikuta uani mikungu ya ndizi imejaa.

"Shikamoo baba. Kuna sherehe?"

"Marahaba. Jumapili tunashukuru kwa ajili ya nyota yako."

Benitha alikaa chini taratibu. "Baba, tumeipima upya. Si nyota."

Polikarpi aliitazama mikungu ya ndizi. "Nimeshamwalika mchungaji. Haiwezi kuwa nyota hadi Jumatatu?"

"Haiwezi. Tena haionekani kwa macho. Unayowaonyesha watu ni sayari, Zuhura."

Polikarpi aliomba maji ya kunywa.

Benitha alichukua boksi tupu na CD kuukuu ya kwaya. Alipasua boksi ufa mwembamba, akaiweka CD ndani ili igawe mwanga kuwa rangi zake, akatoboa tundu la kuchungulia.

"Jua usilitazame kamwe, utaumia macho. Tazama moto wa mama."

Mama yake, Sperancia, alinyunyiza chumvi kwenye miali ya moto.

"Naona rangi za upinde wa mvua," alisema Polikarpi. "Na mstari wa njano, mkali."

"Ni alama ya sodiamu, iliyomo kwenye chumvi. Kila kitu kina alama yake kwenye mwanga. Kwenye nyota alama nyingi huwa nyeusi, lakini hukaa mahali palepale. Ndivyo tunavyojua kilichoko huko bila kufika."

"Na hicho chako kina nini?"

"Alama yake ya sodiamu ni hafifu. Maana yake bado ni kichanga, gesi yake haijajibana. Kina pia alama za mvuke wa maji, kwa hiyo si cha moto sana. Kichanga kilichopoa hivyo hakina uzito wa kuwasha moto wa nyota ndani yake. Kitazidi kupoa tu. Tunakiita kibete kahawia."

"Ila kwa mbali kinafanana na nyota ndogo iliyokomaa?"

"Sana. Ndiyo maana tulidanganyika."

"Kama ndama mkubwa na ng'ombe mzima mdogo," alisema Sperancia. "Ukiwa mbali utabisha. Sogea, utajua."

Jumapili Polikarpi alisimama mbele ya wageni. "Nilisema nyota. Nilikosea. Ni kibete kahawia, na ile niliyowaonyesha ni sayari, Zuhura."

"Kwa hiyo mtoto ameshindwa?" aliuliza Leonadi.

"Kuita kila kinachong'aa nyota, hata mimi naweza. Nimefanya hivyo mwezi mzima. Kazi ni kujua ipi siyo."

Mchungaji alicheka kwanza, kisha wote. Polikarpi akawasha moto, akaleta boksi, akaeleza vizuri kuliko alivyotarajia Benitha. Watu walipanga foleni. Leonadi alichungulia, akakataa kumpisha aliyemfuata.

"Ongeza chumvi," alisema. "Sijamaliza."

Chumvi ya Sperancia iliishia motoni. Ndizi zililiwa bila chumvi, na watu waliondoka usiku ukiingia, wakibishana ipi ni nyota na ipi ni sayari.