Mwizi Aliyekataa Kukanyaga Chumba

Kibali cha kuishi nchini cha fundi Owuor kiliibwa Jumanne, tarehe 26 Agosti 1997, mjini Bariadi, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Pamoja nacho zilikwenda paspoti yake ya Kenya na barua ya mwajiri. Vyote vilikuwa kwenye bahasha moja, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Kibali kilikuwa kinaisha Jumamosi. Ofisi ya uhamiaji Shinyanga haifunguliwi Jumamosi. Kwa hiyo fundi alikuwa na hadi Ijumaa kupeleka karatasi zile zikaongezwe muda, la sivyo angevuka mpaka wa Sirari na kumwacha mke na mtoto wa wiki tatu.

Jumatano saa moja asubuhi alikwenda kwa Ngeleja. Ngeleja alikuwa mwenye bucha, na pia kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa ule, cheo alichopewa kwa sababu ya sauti yake.

"Mwangaluka, kamanda. Nimemalizwa," Owuor alisema, akianza na salamu ya Kisukuma.

Ngeleja aliweka shoka chini, akasikiliza. Kisha akauliza lililomkera.

"Wewe umeoa kwetu. Umetoa ng'ombe kumi na wanne. Karatasi ya nini tena?"

"Kamanda, nimeuliza Shinyanga mara mbili. Mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania, anaweza kuomba uraia. Mwanaume wa nje akioa Mtanzania, hapewi kitu. Anabaki mgeni mwenye shemeji wengi."

"Hata kwa ng'ombe kumi na wanne?"

"Hata kwa mia. Fomu haina mahali pa kuandika ng'ombe."

Ngeleja alifunga bucha, jambo ambalo hakupenda, na nyama ikabaki imening'inia.

Nyumba ya fundi ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Uani palikuwa na mpapai mmoja, tena dume, umejaa maua yaliyoning'inia kama ndevu, bila tunda hata moja. Mke wa fundi, Apolonia, alikuwa ananyonyesha. Mama yake, Nyanjige, aliyetoka Zagayu kuja kulea mzazi, alipomwona mkwe wake akiingia getini alijifunika khanga kichwani, akapotelea nyuma ya jiko. Ndivyo ilivyo kwa Wasukuma: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, na chumba anacholala mkwe, mama mkwe hatii mguu. Wiki tatu alizokaa pale, Owuor alikuwa amemwona mgongo tu.

Ngeleja alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala. Sakafu ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe.

"Ulisiriba lini?"

"Jana saa mbili," Apolonia alijibu. "Nikaacha mlango wazi pakauke. Saa tatu nikaenda kliniki na mtoto. Niliporudi saa sita pamekauka, na sanduku liko hapa mlangoni. Nikadhani baba mtoto amelitoa kabla hajaenda kazini, nikalisukuma pembeni."

"Mimi nilitoka saa kumi na mbili," Owuor alisema.

Ngeleja aliinama. Kutoka chini ya kitanda hadi kizingiti palikuwa na mifereji miwili iliyonyooka, ya kingo za sanduku, imekaukia pale pale. Nyayo hakuna. Alitafuta za kuku, akazikosa.

"Nani unamshuku?"

"Fredrick," fundi alisema papo hapo. "Msaidizi wangu kiwandani. Nikienda, mashine za kuchambua pamba ni zake."

Saa nne walimkuta Fredrick kiwandani, ana pamba hadi kwenye nyusi. Tangu serikali iruhusu watu binafsi wanunue pamba, viwanda vilikuwa vinakimbizana kama wachumba.

"Fredrick, unamtaka huyu aondoke?"

"Sana tu," Fredrick alisema. "Hata leo. Ananiita spana."

"Jana saa tatu hadi sita ulikuwa wapi?"

"Ndani ya mashine namba mbili, miguu nje. Waulize wote. Walikuwa wananichekea soksi."

Watu kumi na mmoja walithibitisha soksi. Moja nyekundu, moja ya shule.

"Basi ni Marcelo," Owuor alisema walipotoka. "Juzi alinifuata akasema kibali changu kikipata shida, yeye ana dawa."

Marcelo alikuwa kishoka, mtu wa kuzunguka na mihuri mfukoni akiwatafutia wenzake leseni, vyeti na matatizo. Walimkuta stendi ya mabasi.

"Fundi! Nimesikia msiba wako. Kesho jioni nakupa kibali kipya, na muhuri unang'aa kuliko wa serikali."

Ngeleja alimshika kola. "Jana ulikwenda kwake?"

"Nilikwenda, kamanda, sifichi. Saa nne. Nilipiga hodi, nikajibiwa na mama mmoja mtu mzima. Hakugeuka hata kunitazama. Alisema wenyewe hawapo na yeye ana kazi, anaangua mapapai. Kweli alikuwa na mti mrefu wenye ndoano. Nikaondoka. Mimi mwizi wa halali, kamanda. Siingii vyumbani."

Ngeleja alimwachia kola taratibu. Walipofika kwenye kona ya kanisa ndipo alipouliza.

"Fundi, mwizi anakuta mlango wazi na chumba kitupu. Kwa nini asiingie akalibeba sanduku? Kwa nini alivute kwa mti kama anayetoa mamba shimoni?"

"Hakutaka kuacha nyayo."

"Asiyetaka alama asingechora mifereji miwili kama reli. Huyu hakuogopa kuonekana alikanyaga. Aliogopa kukanyaga."

Owuor alisimama. Ngeleja naye alisimama, maana jibu lilikuwa limemfikia na hakulipenda. Tangu asubuhi alikuwa ameuliza nani angeweza kuingia chumbani. Kumbe angeuliza nani asingeweza. Msukuma mzima, kamanda, na alikuwa amemvuka mtu mmoja kwa sababu tu ya heshima yake.

"Uani kwako kuna mpapai mwingine?"

"Ule ule dume."

"Basi twende tukamuulize aliyeangua mapapai."

Kikao kilianza saa tisa mchana, na kupanga viti kulichukua muda kuliko kesi. Owuor aliketishwa akitazama ukuta. Nyanjige aliketi nyuma ya jiko. Apolonia alikaa katikati na mtoto, awe mjumbe, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Mayu, mwadila," Ngeleja alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa ngeni.

"Mwadila, baba," ukuta wa jiko ulijibu.

"Jana uliangua mapapai mangapi?"

Nyuma ya jiko mwiko uligonga sufuria.

"Mayu, ule mti dume hauzai. Bahasha iko wapi?"

"Apolonia," sauti ilisema, "mwambie kamanda chumbani sikuingia. Naapa. Hata kidole cha mguu."

"Hilo ndilo lililokukamata, mayu."

Kisha Nyanjige alianza kuongea, na akaongea haraka.

"Nilisikia ukutani wakisema karatasi inaisha Jumamosi. Nikajua. Mwanangu Mayala alipewa ng'ombe watatu wa kulisha na tajiri wa Nkoma. Waliandikishana karatasi yenye tarehe. Tarehe ikafika, tajiri akaja na karatasi yake, akawaswaga ng'ombe wakatoka. Jirani yetu alipewa wawili bila karatasi. Mpaka leo anakamua! Sasa mkwe wangu ameandikiwa tarehe. Nikasema, karatasi isipokuwepo, nani atamdai?"

"Mama!" Owuor aliuambia ukuta wake. "Serikali iko na nakala!"

"Apolonia, mwambie mkwe wangu asinipigie kelele."

"Baba, mama anasema usimpigie kelele."

"Nimesikia! Mwambie hiyo karatasi ndiyo inaniweka hapa. Isipokuwepo, ndiyo nafukuzwa!"

Sauti iliyorudi ilikuwa ndogo.

"Angefukuzwa, ng'ombe wangedaiwa. Wale kumi na wanne ndio Mayala aliowatoa mahari. Ningemrudisha vipi mke wa Mayala, na ana mimba? Na mjukuu huyu angekwenda Kenya, nimwone wapi? Mimi nilitaka wakae."

Hakuna aliyecheka. Mtoto alipiga chafya.

"Iko wapi, mayu?" Ngeleja aliuliza.

"Mahali ambapo hakuna mwanaume anayetia mkono. Kwenye kibuyu cha samli ya mzazi."

Apolonia aliweka mkono mdomoni. Asubuhi ile alikuwa amekunywa uji wa samli ile vikombe viwili.

Bahasha ilitolewa kwa mwiko. Ilikuwa imefungwa kwa jani la mgomba, na jani lilikuwa limepasuka. Barua ya mwajiri ilikuwa inaonekana pande zote mbili kwa pamoja. Picha ya Owuor kwenye paspoti ilikuwa inang'aa kama ya bwana harusi. Muhuri wa kibali ulikuwa umetanuka ukawa doa la zambarau.

Alhamisi alfajiri fundi na Ngeleja walipanda basi kwenda Shinyanga, kamanda akiwa shahidi. Ijumaa saa mbili na nusu ofisa wa uhamiaji aliishika paspoti kwa vidole viwili, akainusa, akasikiliza habari yote, akatoka nje kucheka, akarudi amekasirika. Alisema kibali cha miaka miwili hakigongwi kwenye paspoti iliyokaangwa. Fundi apate paspoti mpya ubalozini Dar es Salaam, ndipo aje aombe upya. Kwa sasa angempa muda mfupi tu.

Gharama ikawa hivi. Nauli za watu wawili, kwenda na kurudi. Mshahara wa siku tatu wa fundi, na siku tatu za Fredrick kujiita fundi mkuu. Kibuyu kimoja cha samli, kilimwagwa. Mbuzi mmoja wa faini ya sungusungu, alitoka kwa Nyanjige, na Owuor akapelekewa paja lake, akalila akitazama ukuta. Kilo kumi na nane za nyama ya Ngeleja, zilizoharibika zikining'inia. Safari moja ya Dar es Salaam, ambayo bado. Na kibali: iliombwa miaka miwili, ikatoka miezi mitatu. Miezi ishirini na mmoja imepotea.