Minyororo ya Barazani

"Usiniambie pole! Pole haifungi kidonda!" Mama Pacha alifoka. Alikuwa ameunyanyua mnyororo wa msumeno kwa ncha ya kijiti, kama mtu aliyebeba nyoka aliyekufa. "Tazama meno haya, Baba Cheche. Meno haya yameingia kwenye unyayo wa mwanangu!"

"Na mimi nimekuambia ulikuwa ndani ya gunia," Baba Cheche alijibu, naye sauti ikizidi kupanda. "Na gunia lilifungwa. Aliyelifungua nani, paka?"

"Mtoto wa miaka mitano akikuta gunia barazani atalifungua! Ulitaka alipigie saluti?"

Kicheko kilimponyoka mtu. Alikuwa kinyozi wa chumba cha mwisho, ametoka nje na mkasi mkononi. Nyuma yake alisimama mteja, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Katika nyumba ile ya vyumba vinne na baraza moja, hakuna aliyekubali kusimuliwa ugomvi. Watu walitoka wakauone wenyewe.

Cheche, msichana wa darasa la sita, alisimama mlangoni kwao na ufagio mkononi. Kila asubuhi alifagia baraza kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi alilizunguka gunia lile. Baba yake alikuwa mpasua mbao. Ndani ya gunia aliweka minyororo ya akiba ya msumeno wake wa mashine, pamoja na tupa, zile fimbo za chuma zenye mikwaruzo za kunolea meno ya minyororo. Chumbani hapakuwa na nafasi, kwa hiyo gunia liliishi barazani. Leo mmoja wa watoto pacha wa jirani alikuwa amelifungua, akauvuta mnyororo akidhani ni mkufu, kisha akaukanyaga.

"Mwenye watoto awachunge!" Baba Cheche alisema.

"Eti nini?" Mama Pacha alikiangusha kijiti na mnyororo wake. "Rudia tena! Rudia majirani wasikie!"

Hakupata nafasi ya kurudia, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa ameingia uani. Alimtazama mtoto aliyefungwa kitambaa mguuni, akautazama mnyororo, akamtazama Baba Cheche.

"Jumamosi jioni nitapita hapa," alisema taratibu. "Nikikuta meno haya yamelala barazani, wewe na mizigo yako mtatafuta nyumba nyingine. Sina zaidi."

Akaondoka. Baba Cheche akaurudisha mnyororo guniani, akaingia ndani na kuubamiza mlango. Mama Pacha naye akaubamiza wake. Kinyozi akamvuta mteja wake ndani akamalizie kile kichwa.

Cheche akabaki peke yake na ufagio. Gunia lilikuwa palepale. Watu wazima wawili walikuwa wamepiga kelele hadi mishipa ya shingo ikawatoka, na hakuna hata mmoja aliyelisogeza gunia hatua moja. Msichana akautupa ufagio chini kwa hasira. Wahame? Aiache shule, awaache rafiki zake, kwa sababu ya gunia?

"Nitalishughulikia mimi," alijisemea. "Na simuulizi mtu."

Alipotoka shule alipitia kwa kinyozi, ambaye alikuwa anapaka rangi chumba chake, akaomba makopo matupu yenye vifuniko vya kubana. Akaokota mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo baba yake huyatupa baada ya kupasua mbao. Akakata, akapiga misumari, akajigonga kidole gumba, akasema neno ambalo mwalimu wake asingelipenda, akaendelea. Kufikia jioni alikuwa na sanduku lenye mlango, ingawa limepinda kidogo, na bawaba zake zilikuwa vipande vya mpira wa tairi.

Kisha akakunja kila mnyororo na kuuweka ndani ya kopo lake. Alijua mnyororo mkavu hushika kutu, kwa hiyo akaumiminia mafuta. Zikabaki tupa. Nazo si za chuma? Akazikusanya zote, akazisokomeza kwenye kopo moja, akazimiminia mafuta mpaka zikazama. Baba alikuwa ndani, hatua chache tu kutoka pale. Cheche angeweza kumuuliza, lakini alikuwa bado amemnunia. Akafunga kifuniko.

Asubuhi Baba Cheche alitoka kwa haraka. Aliona sanduku, akaguna, akachukua makopo mawili, akaenda kazini. Cheche akaliona guno lile kuwa ni shukrani, ingawa ya mtu mwenye mdomo mzito.

Siku hiyohiyo, Ijumaa, baba alirudi jua likiwa bado kali. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na mikono imejaa mafuta meusi hadi kwenye viwiko.

"Nani amezitia tupa zangu mafuta?"

"Mimi," Cheche alisema. "Zisishike kutu."

"Tupa haitiwi mafuta! Imeteleza juu ya meno kama sabuni! Mnyororo umeshindwa kunoleka, gogo nimeliacha katikati, mwenye gogo amenitukana mbele ya watu! Na umezibananisha pamoja, zimesagana! Hukuweza kuuliza?"

"Niulize nani?" Cheche naye alilipuka. Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti hata siku moja. "Wewe ulifunga mlango! Mama Pacha akafunga wake! Mlipiga kelele asubuhi nzima na gunia likabaki palepale! Mimi ndiye niliyelitoa, baba! Nimekosea, lakini nimelitoa!"

Mlango wa kinyozi ukafunguka kidogo. Baba Cheche akautazama kwa jicho kali, ukajifunga.

Mpasua mbao akaketi kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Lete mafuta ya taa," alisema. "Na brashi ya waya. Na chaki, kama unayo kwenye mkoba."

Walifanya kazi bila kuongea sana. Waliziosha tupa kwa mafuta ya taa, wakazisugua kwa brashi kufuata mikwaruzo yake, wakazikausha na kuzipaka chaki inyonye mafuta yaliyobaki. Mbili zilikuwa zimelika hazifai tena.

"Tazama kwa karibu," baba alisema, akamshikisha moja. "Hivi vinundu vidogo ndivyo meno ya tupa. Mnyororo unataka mafuta. Tupa inataka ukavu. Tena kila tupa ilale peke yake, zikigusana zinatafunana. Inafaa kitambaa kigumu chenye mifuko."

Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa jirani. Mlio wa cherehani ulikuwa unatoka humo.

"Mimi siendi," baba alisema haraka.

"Nitakwenda mimi."

Mama Pacha hakuinua uso alipomwona. Mtoto mwenye kidonda alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako amekosa miguu?"

"Hajanituma. Nimekuja mwenyewe. Nataka kitambaa chenye mifuko, cha kuwekea tupa."

Cherehani ikasimama. "Yaani mimi nimshonee mifuko mtu aliyeniambia niwachunge watoto wangu? Mimi?"

"Alikosea kusema vile," Cheche alisema. "Nami nimekukasirikia wewe pia, mama, sitakuficha. Lakini kesho mama mwenye nyumba anakuja. Tupa zisipopata mahali pake zitarudi guniani, na gunia litarudi barazani."

Mama Pacha akanyoosha mkono.

"Vipimo viko wapi?"

"Vipimo gani?"

"Utakujaje kwa mshonaji bila vipimo? Nikate kwa kubahatisha? Nenda ukalete hizo tupa, kavu, usinichafulie kitambaa! Na umwambie baba yako vifuniko vya makopo avifunge kwa waya, watoto wangu wanafungua mpaka kufuli la Mungu!"

Aliikata suruali kuukuu ya dangirizi, akaishona kwa hasira, mguu ukikanyaga cherehani utadhani anamkanyaga mtu. Lakini mifuko ilitoka imenyooka, na kila tupa ikaingia katika mfuko wake. Juu kulikuwa na kipande cha kufunika na kamba ya kufungia.

Jumamosi Baba Cheche alilinyoosha sanduku lililopinda, akalipigilia ukutani usawa wa kichwa cha mtu mzima, akalitia kufuli. Makopo ya minyororo yalikaa chini, kitambaa cha tupa kikaning'inia juu, mbali na mafuta.

Mama mwenye nyumba alipofika, Mama Pacha ndiye aliyewahi kusema. "Ngoja kwanza. Wakaguzi wangu hawa hapa." Akawasukuma wanawe mbele. "Haya, fungueni."

Pacha asiyeumia alipanda juu ya ndoo, akarukaruka, akalivuta kufuli, akaanguka kwa makalio. Mwenye kidonda alikuwa anampa maelekezo kutoka chini. Sanduku halikutikisika. Mama mwenye nyumba akalisukuma kwa kiganja chake, akatingisha kichwa kukubali, akaenda zake.

Baba Cheche akapiga magoti mbele ya mtoto mwenye kidonda. "Mwanangu, gunia lile lilikuwa langu, na kosa lilikuwa langu. Mama Pacha, lile neno la kuchunga watoto, nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya kweli," Mama Pacha alijibu.

Kisha baba akamgeukia Cheche. "Na wewe. Hasira yako ilikuinua pale ambapo sisi watu wazima tulikaa tukipiga domo. Hapo umetushinda. Lakini hasira hiyohiyo ilikuzuia kuniuliza swali moja, na swali hilo lingeokoa tupa mbili. Ukikasirika, fanya kazi. Ila uliza kwanza, hata kama unayemuuliza umemnunia."

"Nimesikia, baba."

"Na chombo chenye makali," Mama Pacha aliongeza, kidole hewani, "kinatafutiwa mahali pake kabla mtu hajaumia. Sio baada. Hilo ni lako, Baba Cheche."

"Nimelipokea."

"Nami bado nina hasira, usidhani imeisha. Nitaimaliza taratibu." Akafungua mlango wake, mvuke wa chakula ukatoka. Nyuma yao mlango wa kinyozi nao ukafunguka. "Hata wewe mwenye masikio marefu, nawe njoo. Cheche, nawa mikono. Ingieni wote mle, chakula kinapoa."