Uzi Mnene wa Sakaya

Maji yalikuwa yakitokota, mapovu yanapanda na kupasuka, lakini Lukresia alipoigusa sufuria kwa bahati mbaya haikumuunguza. Akaigusa tena, safari hii kwa makusudi, akabandika kiganja kizima. Sufuria ilikuwa baridi. Ndani yake nyuzi nne za gitaa la besi zilikuwa zimejikunja kwenye maji ya magadi, zikitoa uchafu wa kijivu.

"Inosenti," akaita. "Njoo ushike hii sufuria."

"Zimeshang'aa?" mumewe akauliza kutoka chumbani.

"Njoo kwanza."

Inosenti akaja, akazitoa nyuzi kwa kijiti, akazifuta moja moja kwa kitambaa. Sufuria hakuigusa wala hakuuliza ina nini. Mpiga gitaa akishaona uzi wake umeng'aa huwa haoni kingine, hata nyumba iungue.

Miaka ile ndivyo ilivyokuwa. Mpaka wa Kenya umefungwa, sabuni ya kufulia inapangiwa foleni, sembuse uzi wa gitaa. Mpiga besi mwenye nyuzi nne za kweli alizitunza kuliko meno yake. Alizifuta jasho kila alipomaliza kupiga, na sauti ikififia alizichemsha kwa magadi ya ziwani mpaka zikaamka. Asiye nazo alifunga waya wa breki ya baiskeli, akaomba wachezaji walewe mapema wasije wakasikia vizuri. Pale kwenye baa ya Marijani, Karatu mjini, amplifaya ilitokana na redio kuukuu, spika ilipasuka ikazibwa kwa karatasi ya daftari na gundi, na gitaa lenyewe, mali ya Marijani, lilishavunjika kichwa likaunganishwa. Kilichoifanya bendi ile isikike mpaka ng'ambo ya barabara ni zile nyuzi. Nazo zilikuwa za Sakaya, na Sakaya alikuwa amekufa.

Huyu Sakaya alikuwa mtoto wa wafugaji wa Olbalbal aliyeacha ng'ombe akafuata besi, wakamcheka huko kwao na huku mjini. Nyuzi alipewa na mwanamuziki Mzaire aliyekuwa akirudi kwao. Mwezi wa tatu bendi ilikwenda kupiga Mang'ola, wakati wakulima wa vitunguu wana pesa na kiu. Wenzao wakatangulia kurudi kwa gari jingine. Sakaya na Inosenti, ambaye wakati huo alipiga gitaa la ridhim, wakapanda juu ya lori la vitunguu pamoja na gitaa la besi. Lori likapinduka kwenye korongo. Inosenti akarudi na gitaa zima, na habari kwamba mwenzake alikufa palepale, hata neno hakusema. Watu wakampa pole. Marijani akampa besi.

Jumatano ile ya sufuria bendi ilifanya mazoezi saa tisa alasiri. Lukresia alikuwa nyumbani, nyuma ya soko, anachambua maharage. Upepo ukamletea sauti ya besi, nene, ya duara, na pamoja nayo harufu ya vitunguu vilivyooza. Akainuka aangalie chini ya kitanda, maana hawakuwa na kitunguu hata kimoja ndani. Hakufika. Kitu kikamlalia kifuani.

Jirani yake Sikudhani alimkuta sakafuni, midomo imebadilika rangi.

"Niondolee gunia," Lukresia akanong'ona.

"Gunia gani, mwenzangu? Hapa hakuna gunia."

"Lipo. Na juu yake kuna jingine."

Bendi ilipopumzika, akavuta pumzi. Bendi ilipoanza tena, kifua kikabonyea, na Sikudhani aliapa baadaye kwamba alikiona kwa macho yake kikishuka chini ya khanga, na kila besi ilipodunda kule baa kilishuka tena kidogo, na harufu ya vitunguu ikazidi mpaka machozi yakamtoka yeye asiyeumwa, na alipomshika mwenzake mabega ili amwinue hakuweza hata kumsogeza, mwanamke mwembamba yule ambaye wiki iliyopita tu walikuwa wakipimana viuno kwa mkanda mmoja.

Ikawa hivyo Alhamisi. Ikawa hivyo Ijumaa. Jumamosi Sikudhani akasema basi, akawapeleka wote wawili kwa Bi Kuluthumu, mama wa kutoka Pangani aliyekuwa akiuza ubani na udi mtaa wa wenye maduka. Inosenti alikwenda na rozari mfukoni, kwa sababu yeye alikuwa Mkatoliki safi na mambo hayo hayaamini. Hata hivyo alikwenda. Alimpenda mkewe, tusimsingizie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mketisheni hapo. Wewe mwanamume, kaa nimwone uso wako."

Ubani ukawekwa kwenye chetezo. Lukresia akafunikwa shuka, akafukizwa. Kisha kutoka chini ya shuka ikaja sauti ya kiume, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka kwa kuwa amekwisha kusubiri sana.

"Inosenti. Naona miguu yako."

Inosenti akatazama miguu yake.

"Nimekuita mara ngapi?" sauti ikauliza. "Waambie."

"Bibi, mnyamazishe," Inosenti akasema.

"Anakuuliza wewe," Bi Kuluthumu akajibu. "Mjibu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Inosenti iliishia pale kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ya chini, akiangalia moshi. Lori lilipopinduka yeye alitupwa pembeni mzima. Sakaya alibanwa chini ya magunia, kichwa na mkono mmoja nje, anaita. Gitaa lilikuwa pembeni yake, nalo gunia linalielemea shingo. Marijani alikuwa amewaambia siku zote kwamba gitaa lile likivunjika tena na bendi imekufa. Basi akalitoa gitaa kwanza. Akalipandisha mpaka barabarani, akalifuta vumbi, akalielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja kuangalia kama shingo imepinda, kama mtu anavyochagua gitaa dukani. Akakaza uzi uliolegea. Aliporudi kule chini hakukuwa na mtu anayeita.

Sikudhani akajifunika mdomo kwa khanga.

"Alichagua kipande cha mti," ile sauti ikasema. "Na mimi nimechagua. Nimemchagua mkewe."

Lukresia alipozinduka hakukumbuka kitu, ila kifua kilimuuma. Bi Kuluthumu akamgeukia mume.

"Marehemu hatembei, mwanangu. Huyu ni jini. Alikuwa kwao, kule korongoni, akasikia mtu anaita haitikiwi. Ameuokota ule wito, sasa anautembeza yeye. Amekaa kwenye nyuzi, ndizo zilizonywa jasho la yule kijana. Wewe ukazichemsha, ukamwamsha. Sasa sikiliza. Nyuzi zote nne uzipeleke kwa mama yake, uzitie mkononi mwake, umwambie kwa kinywa chako ulichofanya. Ukibakiza hata mmoja, atakachokifanya kwa mkeo mimi sitakiweza."

"Nitapeleka, bibi."

"Zote."

"Zote nne."

Jumatatu akapanda lori la Loliondo, akashukia juu ya Olbalbal, akatembea. Alirudi Jumatano amepauka vumbi. Lukresia alikuwa amelala kitandani, maana nguvu zilikuwa hazijarudi.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Mama Namunyak. Amekuwa mzee."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Lukresia akamshika mkono, akalia kwa shukrani. Wiki ile alilala usingizi wa kweli, akala ugali ukaisha, akaanza tena kumtania Sikudhani. Inosenti hakufanya mazoezi, na alipoulizwa akasema anatafuta waya wa breki.

Jumapili kulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana. Vijana walianza kujipanga kwa Marijani saa nane mchana, suruali pana, viatu vya kisigino kirefu vinavyozama kwenye udongo mwekundu. Lukresia na Sikudhani nao wakaenda, wakasimama karibu na jenereta, wakala karanga. Bendi ikaanza. Mke wa mpiga besi huijua sauti ya waya wa breki; hulia kama kopo. Lukresia akatega sikio kusikia kopo. Kikaja kitu kinene, cha duara, kinachotikisa mbavu.

Akaligeukia jukwaa. Akajua kabla gunia halijamfikia.

Safari hii halikuja moja. Yalikuja yote, moja juu ya jingine, na watu waliokuwa wakicheza wakaendelea kucheza kwa kuwa waliona mwanamke amekaa chini tu, huku yeye anasikia mbavu zikikubali kupinda, na harufu ya vitunguu inamjaza pua na koo, na pale jukwaani mumewe anamwona, anamwona kabisa, macho yao yamekutana, na vidole vyake havikuacha uzi kwa sababu wimbo ulikuwa bado kwenye kiitikio na umati ulikuwa wake. Sikudhani hakungoja. Alichomoa waya wa jenereta kwa mikono miwili.

Muziki ukakatika. Vijana wakazomea. Lukresia akabaki ameinama, anapumua kama aliyetoka majini, kisha akasimama, akapanda jukwaani polepole. Kwenye gitaa kulikuwa na nyaya tatu za breki, na uzi mmoja mnene unaong'aa.

"Kwa mama yake ulipeleka nini?" akauliza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

"Lukre, shuka, tutaongea nyumbani."

"Ulipeleka nini?"

"Tatu." Akaufunika ule uzi kwa kiganja. "Na waya wa klachi ya trekta. Niliusugua ukang'aa. Yule mama hajui uzi, Lukre. Mnene kama huu haupo Arusha nzima, na wa breki hauwezi kukaa pale juu. Nilifikiri tatu zingemtosha."

"Zingemtosha nani?"

Inosenti akainama, akakaza waya mmoja wa breki.

"Na maneno? Ulimwambia?"

"Nilimwambia mwanawe alikuwa mpigaji mzuri."

Kikulacho ki nguoni mwako. Lukresia alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua, hasira tulivu. Akaulegeza uzi mwenyewe, akauchomoa, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyethubutu kumzuia, hata Marijani mwenye baa.

Asubuhi Inosenti hakuinuka. Alikuwa amelala chali, macho wazi, kifua chake kimebonyea kama godoro lililokaliwa, na chumba kizima kinanuka vitunguu. Mdomo wake ukafunguka, lakini aliyesema hakuwa yeye.

"Mama, na wewe sina ugomvi," ikasema ile sauti ya taratibu. "Uzi uko kwako sasa, na kuchagua ni kwako. Ukiupeleka kwa yule mama, ukamwambia, nitaondoka juu ya huyu. Njia ni siku moja. Atavumilia siku mbili. Tatu hawezi."

Kisha ikaja sauti ya Inosenti, nyembamba, imebanwa. "Lukre. Lori la Loliondo linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Wahi, mke wangu. Wahi."

"Nawahi," akasema Lukresia.

Akaosha uso. Akavaa sweta, akajifunga khanga yenye lile fundo, akatoka. Nje ukungu ulikuwa mzito, na lori lilikuwa limesimama mbele ya gereji, injini inanguruma, akina mama wa Kimasai wameshapanda na madumu yao. Sikudhani alikuwa pale ananunua maziwa, akakimbia kumshikia mkono apande.

"Unaupeleka? Mungu akubariki. Panda, panda, nafasi ipo."

Lukresia akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Akafikiria ule wimbo wa jana ambao mumewe hakuukatiza, jinsi ulivyokuwa umebakiza kiitikio tu. Akaushusha mguu.

"Mama, unapanda au hupandi?" dereva Tobiko akauliza kutoka dirishani.

"Nyinyi tangulieni," Lukresia akamwambia. "Mimi nitapanda la wiki ijayo."