Miezi Mitano ya Kungojea Matundu Madogo

Kila asubuhi Papa Célestin aliendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka mtaa wa Mangobo hadi sokoni. Alipoanza kuona damu akienda haja kubwa, alilaumu kiti cha baiskeli. Hospitalini waligundua jambo lingine: kansa ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo.

Daktari alitaka kumpasua mapema. Binti wa Papa Célestin, Fortunée, alikataa.

"Papa, mi niliona ku telefone," alisema. "Kinshasa banatoboa matundu madogo, banaingiza kamera. Hapa banafungua tumbo yote."

"Na tumbo yangu haiko valisi, sanduku ya kufungua-fungua," Papa Célestin alicheka. "Bon, tungoje nafasi ya Kinshasa."

Walingoja miezi mitano. Papa Célestin alikonda, akashindwa hata kuketi kanisani. Siku moja Mama Georgette, jirani yao muuguzi, alimkuta amelalia ubavu.

"Fortunée, munangoja nini?"

"Matundu madogo, mama. Njia ya kisasa inatoa kansa muzuri zaidi."

"Nani alikuambia? Sikia. Matundu madogo iko na faida: maumivu kidogo, na mugonjwa anarudia nyumba mapema. Lakini kansa yenyewe, daktari mwenye kujua kazi anaitoa kwa njia zote mbili, na matokeo inakaribiana. Hata kwa kamera, wakati ingine banaishia kufungua tumbo."

"Donc, tulingoja bure?"

"Kansa haikungoja nafasi ya Kinshasa," alisema Mama Georgette.

Juma lile lile walirudi kwa daktari. Kansa haikuwa imesambaa mwilini, lakini ilikuwa imefikia misuli inayofunga njia ya haja. Madaktari walimpasua tumbo, wakaitoa yote. Hata hivyo, tangu siku ile haja yake hutoka kupitia mfuko uliobandikwa tumboni, na hali hiyo ni ya kudumu. Daktari alisema kwamba kama wangempasua miezi mitano nyuma, pengine mfuko huo ungeepukika.

"Papa, ni mimi nilikungojesha," Fortunée alisema asubuhi moja, akimsaidia kubadilisha mfuko.

"Weye ulisema tu. Mi nilifurahi kusikia," Papa Célestin alijibu. "Mutu wa woga anapenda kungoja."

Kisha akavaa shati. Ilikuwa siku ya kupimwa tena. Walifika hospitalini mapema sana, wakamkuta mlinzi bado anafungua lango.