Usimwitikie Vedasto

Kiti cha Vedasto kilikuwa na joto.

Bernadina alikigusa asubuhi moja ya ukungu, akifagia kituo cha kompyuta pale Karatu, akaurudisha mkono upesi. Mlango alikuwa ameufungua mwenyewe muda ule ule. Na mwenye kiti, mwanawe wa pekee, walikuwa wameshamzika.

Ni yeye, mama, aliyemwita arudi. Kituo kilipofunguliwa ili vijana waliokuwa wakihangaika Dar na Arusha wakae kwao, wafanye kazi za kampuni za mbali kwa intaneti, Bernadina alimpigia simu: "Rudi, baba. Kazi imetufuata huku huku." Vedasto akarudi. Hata msimu haukupita, bodaboda aliyopanda kwenda kazini ikagongana na lori la vitunguu la Mang'ola katika ukungu.

Bernadina akaziokota hedifoni zake mezani, akazivaa.

"Aayo," sauti ikaita, kwa Kiiraqw, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni. "Aayo, nimerudi."

"Abee, mwanangu," akaitika, machozi yakimtiririka.

Tangu hapo akawa anamwekea chai kila asubuhi, wakizungumza kabla watu hawajaingia. Hakumwambia mtu. Lakini harufu ya udongo mbichi ikaanza kutanda, vibonye vya kompyuta vikawa vinabonyea vyenyewe, na siku Nanyokie, binti kutoka kijiji cha Olbalbal aliyekuwa akifanya tafsiri za Kimaasai, alipokikalia kile kiti, alishika shingo, macho yakamgeuka, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume, ikisema na kusema bila kuvuta pumzi kwamba kiti kina mwenyewe, kwamba atakayekikalia atalala alikolala mwenyewe, mpaka wenzake wakamkokota pembeni akiwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Vijana wakaanza kufunga mizigo. Arusha tena.

Mganga Qamara aliletwa kutoka Mbulu mchana ule. Alinusa hewa, akamnong'oneza Bernadina.

"Mama, nani amekuwa akilinywesha chai hili jini?"

Bernadina akainamisha kichwa. "Ni mwanangu, mzee."

"Si mwanao. Limeazima sauti yake. Mimi sina uwezo wa kulitoa, atalitoa aliyeliitikia. Likane, mama. Mtoto wa mwenzako anakufa."

Bernadina akakisogelea kiti.

"Aayo," sauti ikalia, na sasa wote wakaisikia. "Huku kuna baridi. Uliniita mwenyewe, nikarudi. Unanifukuza niende wapi?"

Akamtazama Nanyokie pale sakafuni, midomo imemgeuka rangi, akamfikiria mama yake huko Olbalbal, ambaye bado alikuwa hajui kitu, akafumba macho.

"Wewe si mwanangu. Sikujui. Toka!"

Kiti kikapinduka. Harufu ikakatika. Nanyokie akakohoa, akaomba maji. Kilio kikapita mlangoni, kikashika njia ya kwenda nyumbani kwa Bernadina.

"Limeelekea kwako," Qamara akasema taratibu. "Liseme litakalosema, usiitike."

Kituo kimejaa tena, na Nanyokie amepona. Lakini kila jioni Bernadina hujifungia ndani, akakaa chini na kuuegemea mlango kwa mgongo, kanga ameing'ata kwa meno ili neno "karibu" lisimponyoke, na huko nje sauti ya mwanawe inabisha polepole, kwa adabu ile ile aliyomfundisha mwenyewe:

"Hodi, Aayo. Hodi."