Alinifichia Barua ya Skani

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa huku Boito, tunachuma chai yetu wenyewe. Wenzangu mnaosoma mikasa hii, leo ni zamu yangu, na sitaki mnionee huruma. Nataka mjue nimekasirika.

Miaka hii ya tisini ikianza, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, mwezi wa saba, nilianza kutokwa na damu kidogo kidogo bila maumivu. Sista wa zahanati aliandika barua. Alisema huenda kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia ya mtoto, na ni skani tu ingeonyesha. Likionekana mapema, napasuliwa na mtoto anatoka salama. Niende hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.

Barua nilimpa mama mkwe aniwekee, kwa sababu ndiye alikuwa na sanduku lenye kufuli. Ujinga wangu!

Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hutaja majina ya wazee waliokufa, moja moja, mpaka apige chafya. Hapo inajulikana amerudi nani. Mama mkwe alikuwa anamngoja marehemu mama yake mzazi arudi. Alidai mashine ikimchungulia mtoto kabla hajaitwa, yule mzee atakasirika asirudi. Nilipoomba barua, akasema imepotea. Mume wangu Kiprono akaniambia nisibishane na mama yake, nipumzike... Nikapumzika. Mbona sikurudi kwa sista kuomba nyingine?

Wiki tatu baadaye damu ilinishika kwenye majani chai, saa nne asubuhi, kikapu mgongoni. Nilifikishwa hospitali sijitambui. Nilipoamka, msichana wangu alikuwa ameshazikwa.

Barua niliikuta baadaye ndani ya sanduku, siku aliyosahau kulifunga, imekunjwa vizuri chini ya leso zake. Niliichukua nikaificha.

Mimba ya pili nilienda skani mara mbili. Nikazaa mvulana. Siku ya kumwita jina wanawake walijaa nyumbani. Mama mkwe alipofika mlangoni, nikamwambia mbele ya wote kwamba barua yake iliyopotea imepatikana. Nikamwekea mkononi, nikafunga mlango. 

Mtoto sasa ana miaka miwili, na bibi yake hajawahi kumbeba. Kila Jumapili analeta maziwa, namwagia mbwa akiona. Mchungaji ananihimiza nisamehe... Kwani ni nani aliyemwomba aingilie?

Dada zangu, mkipewa barua ya skani, ishikeni wenyewe na mwende. Mkikatazwa, pigeni kelele. Mimi niliogopa kuitwa mkosa adabu. Siku hizi wananiita hivyo kila siku, na bado msichana wangu hayupo.