Chungu cha Matulo

Ukimwona jirani yetu Nekesa akila kwa dada yake kila siku, usidhani ni uvivu. Alikuwa mpishi hodari kabla ya Ijumaa ile.

Ijumaa yenyewe ilianza vizuri. Nekesa alikuwa kwenye makumbusho madogo kule Kitale, akiingiza tarehe za vitu vya kale kwenye kompyuta. Kazi hiyo ina masharti yake. Miaka ya kabla ya Kristo hutanguliwa na alama ya kutoa, na kila kitu hupewa mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Ukiweka nukta mbili (..) mahali pa mwaka wa kuisha, umesema kwamba jambo hilo bado linaendelea.

Masharti hayo Nekesa ndiye aliyemfundisha Jepkemboi. Sasa Jepkemboi ndiye aliyepewa ukuu wa kitengo, na mchana huo angewaonyesha wageni chungu kilichofukuliwa Matulo. Wivu ulimkaba Nekesa hadi chai ya saa nne ikamshinda.

Chungu kilikuwa na tundu kwenye kitako. Wazee wa Matulo walieleza kwamba mwanamke alipokufa, chungu chake kilitobolewa ili ajue amemaliza kupika. Kwa hiyo Jepkemboi alikuwa ameandika muda wa matumizi yake: kuanzia -0299, mwisho -0249. Nekesa alifuta huo mwisho, akaweka nukta mbili. Wageni wasome kwamba chungu cha miaka elfu mbili na ushee kinapikiwa hadi leo, wamcheke bosi mpya.

Saa nane, kabla wageni hawajafika, Jepkemboi alimwita ghalani.

“Kuja uone,” alinong'ona. “Tundu iko wapi?”

Nekesa alipapasa kitako. Kilikuwa kizima. Hakikuwa na kiraka wala ufa. Kilikuwa na joto.

“Si ni wewe ulifungua hii rekodi asubuhi?”

Nekesa alikana. Ndani ya chungu kulinukia kunde zilizoiva.

Alikimbilia kompyuta. Akaandika tena -0249. Kompyuta ikakubali. Alirudi mbio ghalani. Chungu bado kizima.

Alifika kwake Bungoma jioni, jua halijazama. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha Jumatatu alipokwenda kazini, maana siku za kazi hulala Kitale. Alitaka chai tu, moyo utulie. Akabandika maji. Moto ukazimika.

Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya sufuria. Akachukua nyingine. Ikavuja. Akazishusha zote, moja moja, akiziinua kuelekea dirishani. Kila moja ilipitisha mwanga.

Tundu moja, katikati ya kitako.

Ilibaki moja mpya, aliyoinunua Kitale na ambayo hakuwa amewahi kuitumia. Ilikuwa bado imefungwa kwa karatasi ya dukani. Karatasi haikuwa na hata mkwaruzo. Akaifungua polepole, akaiinua dirishani.